Kuishusha Hilux ya zamani ya bodi ndefu bila kuiua

Hilux ya zamani ya bodi ndefu ikiwa haina mzigo huinua makalio. Ndivyo ilivyoundwa: springi za nyuma zinasubiri karibu tani moja, na siku isipobeba kitu zinabaki zimevimba tu. Ukiishusha inapata sura, inatulia kwenye kona, na anayepakia saruji kwa mikono anakushukuru. Lakini kila sentimita unayoishusha inatolewa mahali fulani, nayo inatolewa kwenye nafasi ya ekseli kupanda pale gurudumu linapokutana na tuta. Kazi nzima ni kujua nafasi hiyo unayo kiasi gani, unaitumia kiasi gani, na kiasi gani lazima kibaki.

Maelezo haya ni ya Hilux za miaka ya 80 na 90 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, zenye toshenba mbele (zile fito mbili ndefu za chuma zinazopita chini ya kabini) na springi za majani nyuma. Nissan Hardbody D21 ya aina hiyo imepangwa kwa namna inayofanana, kwa hiyo mengi ya hapa yataifaa. Pikapu inayosukuma magurudumu yote manne iache ilivyo.

Kipimo cha kulenga ni milimita 50 nyuma na 25 hadi 30 mbele. Nyuma inashuka zaidi kwa sababu ndiko kulikoinuka. Usiilaze ikawa sawa kabisa, achilia mbali kukaa mkia chini. Bakiza milimita 15 au 20 za mwinuko nyuma, maana mifuko kumi ya saruji itazila hizo na ziada. Wanaotaka milimita 100 wanataka gari la maonyesho, na hiyo ni kazi nyingine ya kukata chesisi.

Mambo mawili utakayoambiwa gerejini, yakatae mapema. La kwanza: "Bosi, tunazipiga gesi kidogo zinalala zenyewe." Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na mnyumbuko. Ukikiunguza mpaka kiwe chekundu mnyumbuko huo unaondoka, na springi itaendelea kulala kila mwezi hadi ivunjike, mara nyingi palepale ilipoungua. La pili ni kung'oa majani mawili matatu. Kweli gari litashuka, lakini uwezo wa kubeba umeondoka pamoja na majani hayo, na yaliyobaki yatapinda kama herufi S kila ukikanyaga breki au kuondoka kwa nguvu. Bloku ya chuma kati ya ekseli na springi haigusi uwezo wa springi hata kidogo. Ndiyo sababu tunaipendelea.

Lala chini uangalie kabla hujanunua chochote

Ingia chini ya gari na tochi, angalia springi za nyuma zimefungwa juu ya ekseli au chini yake. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kama springi ipo chini na ekseli imeikalia juu, bloku ikiingia katikati yao inaisukuma ekseli juu kuelekea chesisi, na gari linashuka. Kama springi ipo juu ya ekseli, bloku hiyohiyo italiinua gari. Wapo walionunua bloku, wakafunga, wakashangaa pikapu imepanda kama ya shamba.

Ukikuta springi ziko juu ya ekseli, usikubali ushauri wa kuzihamishia chini. Kuhamisha kunashusha gari kwa unene wa bomba la ekseli pamoja na unene wa springi yenyewe, jumla inayofika sentimita 12 au zaidi, na viti vya springi vinabidi vikatwe na kuchomelewa upya. Dawa ya gari la namna hiyo ni springi zenye upinde mdogo, zilizokunjwa zikiwa baridi kwenye mashine na fundi anayefanya springi tu. Maelezo ya nyuma yanayofuata ni ya gari ambalo springi zake ziko chini.

Ukiwa bado umelala hapo, pima nafasi kati ya juu ya ekseli na raba ya kugongea iliyo kwenye chesisi. Gari liwe tupu, limesimama kwa magurudumu yake. Toa 50. Kinachobaki ndiyo safari yote ya ekseli yako kwenda juu, na kikiwa chini ya milimita 60 punguza bloku iwe ya 40 au 30. Usijidanganye kwamba utaing'oa raba upate nafasi. Bila raba, chuma kitagonga chuma, na chesisi ya gari la miaka thelathini lililokaa karibu na bahari haitavumilia. Kagua pia kutu: gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mshikio wa mbele wa springi hadi wa nyuma. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito unaodondosha magamba maana yake kazi ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea, kushusha baadaye.

Kisha andika vipimo. Sakafu iwe ya saruji na tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, bodi iwe tupu. Kwa kila gurudumu pima kutoka katikati ya kikombe cha rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, kwa mstari ulionyooka. Kipimo hiki hakidanganywi na tairi kuisha. Ukikuta upande wa dereva umelala kwa zaidi ya milimita 10 kuliko wa abiria, springi au bushi zimechoka, na bloku hazitatibu hilo. Zitalishusha gari likiwa limepinda vilevile.

Vitu vya kutafuta

Bloku mbili za chuma kizima. Springi nyingi za Hilux zina upana wa milimita 60, ila pima yako. Ukienda kwa mafundi wa mashine Gerezani, Dar es Salaam, agiza vipande viwili vya urefu wa milimita 120, upana 60, kimo 50, kila kimoja kitakuwa na uzito unaokaribia kilo tatu. Upande wa juu kiwe na pini ya kuingia kwenye tundu la kiti cha ekseli; upande wa chini kiwe na tundu la kupokea kichwa cha senta bolti ya springi (ile inayoyashika majani pamoja katikati). Peleka vipimo vya tundu na vya kichwa hicho vilivyopimwa kwa kalipa, si kwa kukadiria: pini ikicheza milimita mbili, ekseli itasogea milimita mbili, na gari litakwenda upande kama kaa. Kusiwe na bloku ya mbao, kusiwe na bomba la mraba lililozibwa ncha, wala bloku mbili zilizopandishana.

Yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli na springi) nne mpya zenye miguu iliyoongezeka milimita 50 kuliko za zamani, kipenyo kilekile na upana wa ndani uleule, pamoja na nati mpya. Yubolti iliyokwisha kuvutwa hairudiwi. Imerefuka, na ukiikaza tena inakuonyesha toki (nguvu ya kukaza) ya uongo.

Pini na bushi za springi kama za sasa zimelegea, kwa kuwa utakuwa umeshafungua nusu ya njia. Ongeza hapo pia oili ya kulegeza kutu, brashi ya waya, grisi, rangi ya kuzuia kutu, jeki ya magurudumu, stendi nne na spana ya toki. Kama sakafu ya gereji ni mchanga, tafuta mbao za sentimita 30 kwa 30 zenye unene wa sentimita 5 za kuweka chini ya kila stendi. Stendi kwenye mchanga huzama upande mmoja bila kutoa taarifa, na wewe uko chini.

Nyuma

Siku moja kabla, safisha nati za yubolti kwa brashi na uzimwagie oili ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Hewa ya chumvi ya Kunduchi au Kigamboni huzifunga nati hizi kama zimechomelewa. Ikishindikana zikate kwa grainda. Unatupa yubolti hizo hata hivyo. Gesi usiilete, maana hozi ya breki iko karibu hapo na tangi la mafuta haliko mbali.

Weka kizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua nyuma, simamisha stendi chini ya chesisi mbele kidogo ya mshikio wa mbele wa springi, toa magurudumu. Jeki ibaki chini ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ikiibeba ekseli tu. Fungua shokapu zote mbili upande wa chini. Achia mabano ya hozi ya breki na ya kebo ya hendibreki yasije yakavutwa.

Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uende wa pili. Ukifungua pande zote kwa pamoja ekseli inaweza kuviringika juu ya jeki, ikaondoka na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu). Fungua nati, toa yubolti na bamba la chini, kisha pandisha jeki taratibu mpaka ekseli iachane na springi kwa milimita 55 hivi. Kwarua kutu kwenye kiti cha ekseli na juu ya jani mama. Uchafu wa milimita moja hapo utasagika baadaye, na yubolti uliyoikaza vizuri itajikuta imelegea. Paka rangi nyepesi, iache ikauke.

Pachika bloku, pini yake ikiingia kwenye kiti. Shusha jeki polepole huku ukiongoza kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu la bloku. Kisikie kimekaa. Hapa ndipo wenye haraka hukosea: kichwa kimepanda ukingoni mwa tundu, yubolti zinakazwa kwa nguvu, kila kitu kinaonekana kimebana, na baada ya wiki kichwa kinakatika na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Ingiza yubolti mpya na bamba, kaza nati nne kwa mkono, halafu kwa msalaba, robo duru kwa robo duru, ili miguu yote ivutwe sawa. Toki ya mwisho fuata kitabu cha gari lako. Hilux nyingi za miaka hiyo huzunguka 120 Nm. Hiyo ya mwisho ikazwe gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, si likining'inia.

Miguu ya yubolti inayozidi ikate, bakiza hesi tatu chini ya nati. Hili si la urembo. Springi ikiwa chini ya ekseli, bloku inalisukuma bamba lile kuelekea barabarani. Piga hesabu kutoka katikati ya ekseli kwenda chini: nusu ya bomba karibu 37, kiti 10, bloku 50, springi 40, bamba 10, nati na ncha ya bolti 30. Jumla ni 177. Rimu ya inchi 14 ukijumlisha ukingo wake ina nusu kipenyo kinachokaribia milimita 190. Maana yake tairi likipasuka kwenye Barabara ya Bagamoyo, rimu itagusa lami kwanza, bamba litabaki juu kidogo. Weka bloku ya 75 na hesabu inafika 202: sasa kinacholima lami ni bamba la springi, kwa mwendo wowote uliokuwa nao. Pima ya kwako, namba za springi hutofautiana, lakini ndiyo sababu ya msingi ya kusimama kwenye 50.

Shokapu zina fumbo lake. Angalia mguu wa chini wa shokapu umefungwa wapi. Ukiwa umefungwa kwenye bamba la springi, urefu wake haujabadilika, kwa kuwa springi haikusogea kuelekea chesisi. Kilichosogea ni ekseli. Ukiwa umefungwa kwenye ekseli yenyewe, shokapu sasa imefupishwa milimita 50 hata kabla ya safari kuanza, na huenda ikagonga mwisho kabla ya raba kugongwa. Ikiwa hivyo nunua fupi. Namna ya kujua: shokapu ikiwa imefunguliwa, pandisha ekseli kwa jeki hadi iguse raba, pima kati ya tundu la juu na la chini, linganisha na urefu wa shokapu iliyofungwa kabisa. Shokapu lazima iwe fupi kuliko kipimo hicho kwa milimita 15 au zaidi.

Ekseli ikiwa bado juu kwenye raba, kagua vingine vyote: ekzosi isikaribie ekseli wala bodi kwa chini ya milimita 25, hozi ya breki isisuguane na chochote, kichwa cha difu kisiguse mkingamo wa sakafu ya bodi. Fanya hivyo upande mmoja mmoja pia, maana shimo halipigi magurudumu mawili kwa pamoja.

Propela na mtetemo wa kilomita 80

Bodi ndefu ina propela ya vipande viwili yenye senta beringi katikati. Kipande cha nyuma ni kifupi, na ndicho kinachobeba mabadiliko yote. Kikiwa na urefu wa mita moja, ekseli kupanda milimita 50 inabadilisha pembe yake kwa karibu nyuzi 3. Si mara zote hili ni baya. Kwenye pikapu iliyoinuka mkia, propela huwa inateremka sana kuelekea difu, na kuishusha gari kunainyoosha.

Pima kabla na baada. Kipimo cha nyuzi kilichomo kwenye simu kinatosha, ukikiweka juu ya sehemu iliyochongwa: uso wa flanji (bamba la kufungia propela) ya difu, mgongo wa bomba la propela, uso wa flanji baada ya senta beringi. Unachotafuta ni flanji ya difu na ile ya upande wa pili wa kipande hicho ziwe sambamba, zisipishane kwa zaidi ya nyuzi 1, na pembe ya kila krosi (kiungo kinachojikunja kwenye ncha ya propela) ibaki chini ya nyuzi 3 au 4. Isiwe sifuri kamili pia. Krosi isiyojikunja hata kidogo hula beringi zake sehemu moja.

Bloku zikiwa na uso wa juu na wa chini uliolingana, difu haigeuki, na mara nyingi vipimo vitakuwa sawa tu. Kwa hiyo usinunue bloku zilizochongwa mshazari kwa kuambiwa kwamba "ndizo zinazofaa." Zinafaa kwa aliyepima akakuta kasoro. Ukizifunga bila kupima unaanzisha kasoro: mtetemo unaoanza kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, unaosikika sakafuni na kwenye kiti, unaopotea ukiachia mafuta. Kama upo na nyuzi zinaonyesha difu imeinama sana au imeinuka sana, hapo ndipo kabari ya chuma ya nyuzi 2 ina kazi. Kama nyuzi ziko sawa na mtetemo upo, angalia senta beringi, mpira wake huwa umekwisha kabla hujaanza kazi hii.

Jambo la mwisho hapa: ekseli inapopanda, propela inasukumwa mbele. Kwenye kiungo cha propela kinachoteleza kwa kuingiana, hakikisha bado kuna milimita 20 za kuingia ekseli ikiwa kwenye raba.

Breki ya nyuma inayopima mzigo

Wengi hawajui kama wanayo. Angalia juu ya ekseli, ndani ya chesisi: kuna valvu yenye mkono au springi nyembamba iliyoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kuhisi gari limelala kiasi gani. Likiwa tupu na limeinuka, inapunguza nguvu ya breki nyuma ili magurudumu yasifunge. Likibeba na kulala, inaruhusu nguvu zaidi. Ukishusha gari milimita 50, valvu inaamini umepakia mzigo. Inapeleka nguvu ya tani moja kwenye bodi tupu. Siku ya mvua, breki moja ya ghafla, mkia unakupita.

Dawa ni kusogeza mshikio wa mkono huo upande wa ekseli ushuke kwa kiasi kilekile ulichoshusha gari, kwa bamba dogo la kuongezea lenye matundu mawili, ili pembe ya mkono irudi ilivyokuwa. Piga picha yake kabla ya kuanza kazi. Usiufunge mkono kwa waya, na usiiondoe valvu. Baadaye tafuta kiwanja kitupu chenye changarawe au lami iliyoloa, kimbia kilomita 40 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu mtu akiangalia nje: mbele lazima yafunge kabla ya nyuma. Nyuma yakitangulia, mkono bado uko juu.

Mbele

Mbele ni kazi fupi kama bolti hazijaganda. Nyuma ya kila toshenba, chini ya kabini, kuna mkono mdogo unaosukumwa na bolti ndefu yenye nati ya kufungia. Pima urefu wa hesi zilizotokeza kila upande, uandike. Inua mbele mzigo utoke, stendi chini ya chesisi, legeza nati ya kufungia, paka grisi, kisha legeza bolti duru tatu kila upande. Shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mita chache, ruka juu ya bampa mara mbili tatu, pima. Gari litakuonyesha lenyewe duru tatu ni milimita ngapi, na kutoka hapo unapiga hesabu ya zilizobaki. Ukipima bila kulisukuma, magurudumu yanakuwa yamebana lami kabla hayajajitanua, na kipimo ni cha uongo.

Usiifungue bolti hadi iwe inaning'inia. Zibaki angalau milimita 10 za hesi zinazobana. Ukifika mwisho wa bolti kabla hujapata 25, toshenba inabidi itolewe na kurudishwa jino moja nyuma kwenye mkono wake. Itie alama ya rangi kabla ya kuitoa, na usichanganye ya kulia na ya kushoto. Zimezoeshwa kujinyonga upande mmoja, na huwa zimeandikwa kichwani.

Kulegeza bolti hakubadilishi ugumu wa toshenba. Wanaosema gari limekuwa gumu baada ya kushusha wanasikia kitu kingine: mkono unaoshika gurudumu unagonga raba. Ingiza kidole. Gari likiwa limesimama, kati ya raba na chuma kubaki angalau milimita 25. Pungufu ya hapo, kata raba theluthi moja kwa msumeno, au pandisha gari kidogo.

Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Mbele ikishuka, vichwa vya magurudumu huinamia ndani na tou (magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele) hubadilika, na hiyo tou ndiyo inayotafuna matairi: makali ya ndani yanakwisha ndani ya wiki chache, huku nje yakionekana mapya. Fundi aanze na kemba (kuinama kwa gurudumu) kwa shimu (vibamba vyembamba) za mkono wa juu, kisha kasta (mlalo wa mhimili wa usukani), tou iwe ya mwisho. Akianza na tou na kuishia hapo, mtafutie mwenzake. Akisema tairodi ikunjwe kidogo ili ifike, ondoka na gari lako.

Taa za mbele zipimwe upya ukutani usiku huo; mkia umeshuka kuliko pua, kwa hiyo mwanga umepanda kwenye macho ya wenzako.

Matairi

Baki na tairi lenye herufi C. 195R14C ya kawaida hubeba hadi kilo 950 kila moja. Tairi la gari dogo, mfano 205/70R14 lenye namba ya mzigo 95, linabeba 690. Mawili nyuma ni 1,380, na ekseli ya nyuma ya Hilux iliyobeba tani moja inazidi hapo. Unachopata kwa hatari hiyo ni kushuka kwa milimita 12 tu.

Saruji ndiyo kipimo

Gari likikamilika, pakia mifuko kumi ya saruji ya kilo 50, iliyosambazwa sawasawa, si yote nyuma. Pima tena kutoka ekseli hadi raba. Zikibaki milimita 25 au zaidi, endesha juu ya tuta la mtaani kwa mwendo wako wa kawaida. Raba ikigonga mara mojamoja, sawa. Ikigonga kila tuta, una njia mbili: bloku ya 30, au kuongeza jani moja kwenye springi. Kama kazi ya gari ni kubeba mifuko ishirini kila siku kutoka dukani hadi saiti za Goba, jibu la kweli ni kutolishusha.

Urefu nao una gharama yake. Hilux ya bodi ndefu ina milimita 2,850 hivi kati ya magurudumu. Kwa hesabu ya karibu, tumbo likiwa milimita 220 kutoka chini gari linavuka mgongo wa nyuzi 17. Likishuka hadi 180 zinabaki 14. Matuta makali ya mitaa ya ndani yavuke kwa mshazari, gurudumu moja moja. Rasta (vijituta vya kutikisa) za barabara kuu hazina shida, ila mtikisiko wake ndio hulegeza nati ambazo hazikukazwa. Kwenye feri ya Magogoni ngazi huwa kali maji yakiwa yamekupwa; bodi ndefu ina mkia mrefu nyuma ya ekseli, na ndoano ya kuvutia au ekzosi ndiyo itakayolamba chuma. Shuka polepole, au zunguka kwa Daraja la Nyerere.

Mwenye bima kubwa aiandikie kampuni yake kuhusu mabadiliko haya kabla, si baada ya ajali.

Baada ya kilomita 50 kaza tena yubolti kwa spana ya toki, na baada ya 500 rudia. Zikishatulia, chora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati hadi kwenye bamba. Kila unapokagua oili, inama utazame. Mstari ukikatika, nati imegeuka: kaza siku hiyohiyo, na ikigeuka tena, fungua uangalie kama senta bolti bado imekaa ndani ya tundu lake.